Kuondoa Ngozi Iliyokufa Nyumbani Bila Kujichubua

Neno lenyewe huanza kutupotosha. Mtu akiingia katika duka la vipodozi la Kariakoo au Darajani na kusema kwamba anataka kitu cha kuchubua ngozi, anaweza kutoka na kopo la skrabu ya sukari, chupa ya asidi ya glaikoli au krimu yenye haidrokwinoni, yaani dawa ya kung’arisha ngozi, na vyote vitatu vikatiwa katika mfuko mmoja kana kwamba vina kazi moja. Havina. Kuondoa ngozi iliyokufa ni kulisaidia tabaka la juu kabisa, ambalo limekwisha kumaliza muda wake, lidondoke sawasawa ili ngozi ibaki laini. Kujichubua ni kuizuia ngozi isitengeneze rangi yake ya asili, jambo ambalo limewaachia wengi ngozi nyembamba yenye mabaka na vidonda visivyopona upesi. Mwongozo huu unahusu jambo la kwanza tu, na kila hatua iliyomo imepangwa kwa kuzingatia ukweli ambao maelezo ya kwenye maboksi mara nyingi huupita kimya: ngozi nyeusi na ya maji ya kunde huweka doa jeusi kwa urahisi kila inapoumizwa, hata kama jeraha lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kutoonekana. Aliyezidisha asidi anaweza kupona mwasho katika wiki moja na akabaki na doa kwa miezi mingi. Kwa hiyo kipimo chetu hakiwezi kuwa “mpaka iume kidogo”. Tunapaswa kuacha kabla haijauma.

Kazi ambayo ngozi huifanya yenyewe

Seli za ngozi huzaliwa chini, husukumwa juu na seli changa zinazozifuata, na njiani hujaa protini ngumu, hupoteza kiini na kulala bapa, zikipandana mithili ya vigae vya paa. Safari hiyo huchukua takriban wiki nne kwa kijana na huwa ndefu zaidi kadiri umri unavyosonga, ndiyo maana mtu wa miaka 50 huona ngozi yake imepauka hata kama anaoga na kujipaka mafuta kama alivyozoea. Tabaka hilo la seli zilizokufa ni jembamba kuliko karatasi ya daftari katika sehemu kubwa ya mwili, lakini ndilo linalozuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie.

Ngozi iliyokufa, basi, si uchafu. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tulilelewa kusuguliwa mpaka nongo zitoke, na mama aliyekuwa akitusugua alipima usafi kwa wingi wake. Nongo zile zinazojiviringa chini ya kiganja ni mchanganyiko wa seli zilizokufa, jasho na mafuta, na ukiendelea kusugua zitaendelea kutoka, kwa kuwa ukishaziondoa zilizolegea unaanza kuzing’oa zilizokuwa bado kazini. Uso unaong’aa mno, unaovuta baada ya kunawa na kuchonyota unapopakwa mafuta yale yale uliyoyatumia miaka yote, ni uso uliokwisha kupoteza sehemu ya kinga hiyo.

Wanaopaswa kusubiri

Kabla ya kununua chochote, itazame ngozi yako mchana, karibu na dirisha. Ikiwa ina kidonda, imeungua kwa jua, ina pumu ya ngozi iliyoamka, fangasi, upele unaowasha usiku au chunusi zenye usaha, huu si wakati wake. Kusugua fangasi huwasambaza, na kusugua chunusi iliyoiva huitumbua kuelekea ndani, ikaacha shimo au doa mahali ambapo pangepona penyewe. Mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lililoyaanzisha, aepuke kabisa asidi kali na chochote kinachoweza kuchana ngozi.

Kundi ambalo nalihofia kuliko yote ni la wale waliotumia mkorogo au krimu za kung’arisha kwa miezi au miaka. Nyingi ya krimu hizo huwa na steroidi kali, kama vile klobetasoli au betamethasoni, ambazo ni dawa za hospitali zinazotakiwa kutumiwa kwa muda mfupi na kwa usimamizi. Zikipakwa kila siku usoni hukondesha ngozi, mishipa midogo ikaonekana, na jeraha dogo likachelewa kufunga. Nyingine zimewahi kukutwa na zebaki, sumu inayoharibu figo. Ngozi iliyopitia hayo haina akiba ya kuondolewa. Mtu anapoona mabaka na kudhani kwamba dawa yake ni skrabu au asidi, anaongeza jeraha juu ya jeraha. Aende kwa daktari wa ngozi, na amweleze kwa ukweli alichokuwa akipaka, tena ikiwezekana aende na kopo lenyewe, kwa sababu kuacha steroidi ghafla huweza kuufanya uso uwake, uvimbe na kutoa vipele, na daktari anajua namna ya kumvusha katika kipindi hicho. Hakuna la aibu katika kusema. Aibu iliyofichwa ndiyo inayorefusha matibabu.

Anayemeza vidonge vya isotretinoini kwa ajili ya chunusi asitumie asidi wala skrabu mpaka daktari wake amruhusu. Anayepaka tretinoini au adapalini asizichanganye na asidi usiku mmoja, na aache kuzipaka kwa siku chache kabla ya kujaribu asidi kwa mara ya kwanza, kwani dawa hizo tayari zinaharakisha ngozi kujibadilisha. Mwenye mzio wa aspirini aiepuke asidi ya salisili, kwa kuwa ni za ukoo mmoja. Mjamzito asiipake katika sehemu kubwa ya mwili wala asitumie ya kiwango cha juu. Dodoki laini na mafuta ya kawaida vinamtosha mpaka ajifungue, na akitaka zaidi aulize kliniki. Watoto hawahitaji lolote kati ya haya.

Mwenye ualbino naye ana sababu yake ya kuwa mwangalifu. Gamba gumu lisiloondoka usoni, masikioni au mikononi linaweza kuwa hatua ya mwanzo ya saratani inayoletwa na jua, na kulisugua mpaka litoke ni kuificha dalili ambayo daktari alipaswa kuiona. Katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, wataalamu huwachunguza watu wenye ualbino, na huko ndiko inakotengenezwa krimu ya kukinga jua iitwayo Kilisun. Gamba la namna hiyo lipelekwe kwa wataalamu likiwa kama lilivyo.

Kusugua kwa mkono

Njia hii ndiyo kongwe, na kwa mwili ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Dodoki lililolowekwa katika maji ya vuguvugu mpaka likalainika, sabuni isiyo kali, na mkono mwepesi unaozunguka bila kukandamiza, mara moja au mbili kwa wiki, vinatosha kwa migongo, mapaja na mikono ya watu wengi. Kosa kubwa katika dodoki ni kuliacha bafuni likiwa limelowa, kwa sababu nyuzi zake huhifadhi unyevu, na bakteria na ukungu hustawi humo. Lisuuze, likamue, lianike juani, libadilishe kila baada ya wiki chache, na usilitumie pamoja na mtu mwingine hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja.

Wanawake wa Unguja wana singo, ambayo somo humwandalia bi harusi kwa siku kadhaa kabla ya harusi: asumini, mawaridi, langilangi, mrehani na liwa, vilivyotwangwa na kulainishwa kwa marashi ya waridi, kisha akasuguliwa taratibu mwili mzima. Ninaiheshimu singo kwa sababu ya ule utaratibu wake. Inasagwa laini, inapakwa ikiwa mbichi, inasuguliwa na mtu anayemwangalia mwenzake ngozi, na haina haraka. Anayetaka kuitumia leo ahakikishe kwamba imesagwa siku hiyo hiyo, kwa maana maua yaliyolowekwa huchacha upesi katika joto letu, na aijaribu kwanza mahali padogo, kwa sababu manukato ya maua, hasa langilangi, huwapa watu wengine mzio hata kama hayana kemikali yoyote ya dukani. Asili si dhamana ya usalama.

Skrabu ya sukari au ya kahawa unayoitengeneza jikoni inafaa kwa mwili, wala si kwa uso. Punje ya sukari ina kona kali. Changanya sukari laini kijiko kimoja na mafuta ya nazi au ya alizeti kijiko kimoja, acha kwa dakika chache ili kona hizo zilegee, ipake kwenye ngozi iliyolowa, zungusha kwa vidole kwa muda usiozidi dakika moja kila sehemu, kisha suuza. Chumvi hukwaruza zaidi na huchonyota pale palipo na mchubuko, kwa hiyo iache kwa ajili ya nyayo. Skrabu zenye maganda ya kokwa yaliyosagwa huchana ngozi ya uso. Baada ya kutumia mafuta bafuni, osha sakafu kwa sabuni, maana mtu mwingine atakayeingia anaweza kuteleza.

Viungo viwili vya jikoni vinapaswa kuondolewa kabisa katika kazi hii. Cha kwanza ni ndimu, pamoja na limau. Maji yake yana uchachu mkali, pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi) ya takriban 2, ilhali ngozi yenyewe ina pH ya karibu 5. Tena maji na ganda la ndimu vina kemikali ambazo zikikutana na mwanga wa jua juu ya ngozi huiunguza. Binti wa jirani yetu alijisugua shingo kwa ndimu na sukari asubuhi, akashinda shambani, na siku ya pili akaamka na malengelenge yaliyofuata michirizi ya maji yalivyotiririka mpaka kifuani. Malengelenge yalipona katika wiki mbili. Michirizi ilibaki, myeusi tititi, mpaka msimu wa pili wa mvua. Cha pili ni magadi, pamoja na soda ya kuokea mikate, ambavyo huivuta ngozi upande wa pili kabisa, huondoa uchachu wake wa kiasi na kuiacha kavu, yenye kupasuka.

Asidi: kusoma chupa kabla ya kuifungua

Asidi hufanya kazi bila kusugua. Hulegeza gundi inayozishikanisha seli zilizokufa, nazo zikaachia zenyewe baada ya siku chache. Kwa mtu mwenye mkono mzito, asidi nyepesi inaweza kuwa salama kuliko skrabu, ilimradi aifahamu.

Asidi ya glaikoli ina molekuli ndogo kuliko nyingine za kundi lake, kwa hiyo huzama haraka na ndiyo inayochoma watu wengi wanaoanza nayo. Asidi ya laktiki, ile ile inayofanya maziwa yagande, ni ya upole zaidi na huvuta unyevu, na asidi ya mandeliki, yenye molekuli kubwa, huingia polepole. Hizi mbili ndizo ningemshauri mtu mweusi aanze nazo. Asidi ya salisili huyeyuka katika mafuta, hivyo hupenya ndani ya vitundu vilivyoziba, na ndiyo inayofaa kwa uso wenye mafuta na chunusi ndogo ndogo. Bidhaa za chunusi zinazouzwa bila cheti cha daktari huwa nayo kwa kiasi cha 0.5% hadi 2%.

Kwa glaikoli na laktiki, jopo la wataalamu wa Marekani linalopitia usalama wa viambato vya vipodozi lilihitimisha kwamba bidhaa ya kutumiwa nyumbani isizidi 10%, pH yake isiwe chini ya 3.5, na mtumiaji ahimizwe kujikinga na jua. Mimi naongeza kwamba anayeanza aanze na 5% au chini ya hapo. Ukiona chupa iliyoandikwa 30%, 50% au 70%, au yenye asidi ya trikloroasetiki ya kiwango chochote, iache ilipo, hata kama video uliyoitazama ilionyesha mtu akiipaka kwa tabasamu. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa umma dhidi ya kununua asidi kali za namna hiyo na kuzitumia bila usimamizi wa daktari, kwa sababu zimesababisha majeraha ya moto wa kemikali. Yale mafuta ya rangi ya manjano au nyekundu yanayouzwa kwenye chupa zisizo na orodha ya viambato, yanayosifiwa kwamba yatakuvua ngozi ndani ya siku 3, ni hatari kuliko hizo, kwa kuwa hata daktari atakayekupokea hatajua umeunguzwa na nini.

Soma basi mambo manne: jina la asidi, asilimia yake, tarehe ya mwisho wa matumizi, na maelezo kama inaachwa usoni au inasuuzwa baada ya dakika kadhaa. Viambato huorodheshwa kwa kuanzia na kilicho kingi zaidi. Kama kuna haidrokwinoni, zebaki au jina lolote la steroidi, hicho si kipodozi cha kuondoa ngozi iliyokufa. Tafuta alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na uwe mgumu wa kuamini chupa iliyohamishiwa kitu kutoka katika dumu.

Hatua zenyewe

Anza na jaribio. Paka tone moja nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, fuata muda ulioandikwa, na uangalie kwa saa 48. Wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo usitegemee macho peke yake: gusa kama pana joto, kama pamevimba, kama panawasha, na kama pameiva rangi kuliko pembeni. Kisha subiri wiki nzima kabla ya kupeleka usoni. Subira hiyo ya wiki haiandikwi kwenye maboksi, lakini doa jeusi huchukua siku kadhaa kujitokeza, na ni afadhali lijitokeze nyuma ya sikio.

Fanya kazi hii usiku. Nawa mikono, kisha uso kwa sabuni isiyo na manukato makali, na usinyoe siku hiyo wala usiwe umetoa nywele kwa nta. Kausha kwa kubonyeza taulo, usifute, halafu ngoja dakika 10 mpaka ngozi iwe kavu kabisa, kwa maana ngozi iliyolowa hunyonya asidi kwa haraka zaidi. Paka mafuta ya mgando kwa wembamba pembeni mwa macho, kwenye mikunjo ya pua na midomoni, sehemu ambazo asidi hupenda kutuama. Chukua kiasi cha punje ya kunde, kigawanye kwenye paji la uso, mashavu na kidevu, na ukisambaze mara moja tu bila kurudiarudia. Ikiwa ni ya kusuuza, weka saa. Mara ya kwanza tumia nusu ya muda ulioandikwa, na usikae ukiangalia simu mpaka ukasahau. Ikiwa ni ya kuachwa, iache, na baada ya dakika chache paka krimu nzito isiyo na harufu. Mchonyoto mdogo unaoisha ndani ya dakika moja unavumilika. Unaozidi, suuza mara moja.

Usipake kingine usiku huo: si vitamini C, si retinoli, si peroksidi ya benzoili, wala skrabu juu ya asidi. Kwa mwezi wa kwanza iwe mara moja kwa wiki. Ngozi ikikubali, ongeza hadi mara mbili, na watu wengi hawana sababu ya kupita hapo. Wanaotumia kila siku kwa sababu chupa inaruhusu, na wakafanikiwa, wapo. Lakini wanaokuja kulalamika kwamba uso umekuwa mweusi kuliko walivyoanza mara nyingi wametoka katika kundi hilo hilo, na nawaomba muamini kwamba kupunguza mara za kupaka kumewasaidia kuliko bidhaa yoyote mpya waliyoongezewa.

Jua

Asidi za kundi la glaikoli huifanya ngozi iungue kwa urahisi zaidi. Utafiti uliodhaminiwa na FDA uliwapaka watu asidi ya glaikoli ya 10% kwa wiki nne, ukakuta usikivu wa ngozi yao kwa miale ya jua umeongezeka kwa asilimia 18, na hali hiyo ikarudi kawaida wiki moja baada ya kuacha. Sasa fikiria jua la Mombasa au Dodoma saa sita mchana, ambalo kipimo chake cha miale mara nyingi hupita 11, kiwango kinachoitwa cha kupindukia.

Asiyeweza kujikinga na jua asianze asidi. Na sisemi hivyo kwa ukali, nasema kwa sababu bila kinga utaondoa doa usiku na kulirudisha mchana. Losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) ya 30 au zaidi ipakwe kila asubuhi, kiasi cha mistari miwili iliyojaa urefu wa kidole cha shahada na cha kati kwa ajili ya uso na shingo, na irudiwe kila baada ya saa mbili kwa aliye nje. Wengi huziacha losheni hizi kwa sababu zinaacha weupe kama wa majivu, na malalamiko yao ni ya haki. Tafuta zenye rangi ya ngozi, zilizotiwa oksidi za chuma: zinafichika, na zaidi ya hapo oksidi hizo huzuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao katika ngozi nyeusi nao huchochea madoa. Kama bei inakushinda, kofia pana, mtandio na mwavuli ni kinga halisi, lakini katika hali hiyo baki na dodoki na uiache asidi.

Ndevu na nyayo

Wanaume wenye ndevu za kujikunja hupata vipele vya shingoni, kwa kuwa unywele uliokatwa karibu mno hujipinda na kurudi ndani ya ngozi. Kwao kitambaa laini cha maji ya vuguvugu, kikizungushwa taratibu kwa dakika moja jioni ya siku moja kabla ya kunyoa, huinua nywele hizo; na losheni ya salisili ya 2% mara mbili kwa wiki hupunguza kuziba. Usichokonoe unywele kwa sindano. Mwombe kinyozi aache ndevu fupi kidogo badala ya kuzifuta kabisa, na asipitishe mashine mara mbili mbili mahali palepale.

Magaga ya visigino yanavumilia kazi nzito zaidi. Loweka miguu dakika 10, sugua kwa jiwe la miguu kuelekea upande mmoja, kausha, paka krimu ya yurea ya 10% hadi 20% au mafuta ya mgando na uvae soksi ulale nazo. Kisigino kisikwanguliwe kwa wembe, iwe nyumbani au kwa fundi wa kucha anayepita mitaani na vifaa vyake kwenye ndoo. Mwenye kisukari asiguse magaga yake kwa jiwe wala asidi bila ushauri wa kliniki, kwa maana ganzi ya miguu humfanya asijue kwamba amejikata, na kidonda kidogo cha mguu wa mgonjwa wa kisukari kinaweza kuishia katika kukatwa mguu.

Mambo yakiharibika

Asidi ikikuunguza, peleka sehemu hiyo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama bomba halitoi, mimina kwa kata taratibu bila kukatiza. Usipake dawa ya meno, yai, samli wala magadi kwa nia ya kuua uchachu. Baadaye paka mafuta ya mgando, ikinge na jua, na uache kila kitu kingine mpaka ngozi irudi kuwa kimya, jambo linaloweza kuchukua wiki mbili hadi nne. Malengelenge yasitumbuliwe. Yakiwa makubwa, yakiwa usoni, yakitoa usaha, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo na ubebe chupa. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwanza, kisha nenda, usingoje kuona kama itapoa.

Doa litakalobaki lisifukuzwe kwa asidi zaidi. Likinge na jua na ulivumilie kwa miezi. Likigoma, daktari wa ngozi ana dawa zake.

Swali ninaloulizwa kuliko mengine ni la bi harusi, nalo lina jibu la kalenda. Jaribio la nyuma ya sikio lifanyike miezi mitatu kabla. Asidi ya laktiki, kama ngozi imeikubali, iendelee mara moja kwa wiki, na ya mwisho ipakwe siku 14 kabla ya harusi. Katika wiki hizo mbili za mwisho kusiingizwe kitu chochote kipya usoni, hata kama shangazi amekibeba kutoka Dubai. Ile wiki ya singo iachiwe singo yenyewe, kwa mkono mwepesi wa somo, na uso upakwe liwa iliyolainishwa kwa marashi ambayo bi harusi ameshaijaribu, isuuzwe kwa maji kabla haijakauka ikaanza kuvuta.